Wanaitikia "ndiyo mwalimu" lakini hawajaelewa: nifanyeje na Kidato cha Kwanza?

SWALI: Habari za kazi. Mimi ni mwalimu mpya wa Hisabati katika shule ya kata iliyo mwambao wa Ziwa Tanganyika, Wilaya ya Uvinza, mkoani Kigoma. Nina mikondo miwili ya Kidato cha Kwanza, kila mmoja una wanafunzi 74, pamoja na Kidato cha Pili. Nikimaliza kueleza nikauliza "mmeelewa?", darasa zima linaitikia "ndiyo mwalimu". Nikitoa jaribio, zaidi ya nusu wanapata chini ya 20 kati ya 100. Wanaojibu darasani ni walewale sita wa mbele, wa nyuma wanapiga soga au wamelala. Kuna wiki madawati yanabaki matupu kabisa, halafu wanarudi kama hakuna kilichotokea. Wenzangu wananiambia bila fimbo hawa hawaendi. Naomba mwongozo wa kina. (Mwalimu, Uvinza)

JIBU: Pole na majukumu, Mwalimu. Tuanze na hilo "ndiyo mwalimu", maana ndilo linalokupotosha. Mtoto wa miaka 13, 14 au 15 akiulizwa mbele ya wenzake 73 kama ameelewa, jibu salama kwake ni moja tu. Akisema hapana, atachekwa, au ataulizwa "hujaelewa wapi?", swali ambalo asiyeelewa hawezi kulijibu. Kwa hiyo anaitikia pamoja na wengine. Si ukorofi, anajilinda, kwa sababu katika umri huo cheko la wenzake linamuuma kuliko karipio lako. Basi kazi yako ina sehemu mbili ambazo haziachani: uone kila mmoja anafikiri nini kabla kengele haijalia, na pasiwe na anayeaibika kwa kukuonyesha. Nitakayoeleza hapa chini yote yanatoka kwenye hayo mawili.

Anza kwa kupima walichotoka nacho shule ya msingi. Tenga kipindi kimoja cha dakika 40. Maswali 12 yanatosha, ya kiwango cha Darasa la Nne hadi la Sita, na uyaandike kwa Kiswahili, kwa sababu hapo unapima hesabu, hupimi Kiingereza. Weka 503 − 278. Weka 1,428 ÷ 7. Weka 1/2 + 1/3, ipi kubwa kati ya 0.7 na 0.35, asilimia 25 ya shilingi 8,000, na boti iliyoondoka saa 2:40 ikafika saa 4:15 imetumia dakika ngapi. Mengine sita tunga mwenyewe kwa mtindo huohuo. Waambie mapema kwamba hakuna alama itakayoingia popote na hakuna jina litakalosomwa, kisha timiza.

Ukisahihisha, usihesabu alama. Soma makosa. Mtoto aliyeandika 503 − 278 = 375 hakubahatisha: kila safu ametoa tarakimu ndogo kwenye kubwa, 8 toa 3, 7 toa 0, 5 toa 2. Huyo hajui kukopa kunafanya nini. Aliyepata 24 kwenye 1,428 ÷ 7 ameitupa sifuri ya katikati, jibu ni 204, na tatizo lake ni thamani ya nafasi, wala si kugawanya. Aliyeandika 1/2 + 1/3 = 2/5 amejumlisha juu kwa juu na chini kwa chini, maana kwake sehemu ni namba mbili zilizopigiwa mstari katikati. Anayesema 0.35 ni kubwa anaona 35 imezidi 7. Anayesema boti imetumia dakika 175 ametoa 240 kwenye 415 kama namba za kawaida, akasahau kwamba saa ina dakika 60. Haya makosa yana mantiki ndani yake, na ndiyo maana hayafi kwa kuambiwa "umekosa". Yanakufa mtoto anapoonyeshwa mahali mantiki yake inapogonga mwamba. Mwenye 2/5 mwulize: nusu mkate ukiongezewa kipande kingine, unaweza ukapungua? Maana 2/5 ni ndogo kuliko nusu. Mwache alitafakari hilo kabla hujamtajia kigawe kidogo cha shirika (KDS).

Chora jedwali kwenye kaunta buku: majina upande wa kushoto, maswali 12 kwa juu, tiki au herufi ya kosa kwenye kila kisanduku. Kisha soma safu za kushuka chini. Swali lililokoswa na zaidi ya 37 ni la kufundishwa upya kwa darasa zima. Lililokoswa na kati ya 10 na 37 litaingia kwenye maswali ya kufungulia kipindi, nitayaeleza. Lililokoswa na wachache kuliko 10, waite hao pembeni. Kazi hii kwa mikondo miwili itakula jioni mbili au tatu, na hakuna andalio la somo litakalokufaa kama hilo jedwali.

Najua utasema silabasi haitaisha. Wiki mbili hadi tatu za kuziba mapengo mwanzoni mwa mwaka zinarudi zenyewe, kwa sababu mtoto asiyejua sehemu atakukwamisha kwenye uwiano, kwenye asilimia, kwenye milinganyo na kwenye mteremko wa mstari, na kila mara utasimama kumfundisha kitu kilekile kwa haraka, na hatashika.

Jambo moja kwenye mapengo hayo linastahili kupewa muda wake, nalo ni jedwali la kuzidisha. Walimu wengi huliona mlima, huwaambia watoto "nendeni mkakariri mpaka 12", na hakuna anayekariri. Hesabu vizuri. Wengi wanaofika sekondari wanazijua za 2, za 5 na za 10, na za 3 na 4 wanazipata wakijikongoja. Ukishawafanya waamini kwamba 7 × 8 na 8 × 7 ni kitu kimoja, kinachobaki katika jedwali la mpaka 10 ni mambo kumi tu: 6×6, 6×7, 6×8, 6×9, 7×7, 7×8, 7×9, 8×8, 8×9 na 9×9. Kumi! Yaandike kwenye karatasi ya manila ubandike juu ya ubao. Chukua mawili kila wiki, yaulize kila unapoingia darasani na kila unapokutana na mwanafunzi njiani, na baada ya wiki tano umeyamaliza. Ya zamani yaendelee kuulizwa. Hapo ndipo wengi hukosea, wakishafika 9×9 wanaacha, na mwezi mmoja baadaye 6×7 imeyeyuka.

Sasa lugha. Watoto wako wengi wana Kiha nyumbani, wamesoma miaka saba kwa Kiswahili, na Januari wamekutana na Hisabati kwa Kiingereza. Sehemu ya kimya chako cha nyuma inatoka hapo. Mtoto anaijua KDS vizuri, ila hajui kwamba LCM iliyo ubaoni ndiyo hiyohiyo. Mtihani utakuja kwa Kiingereza, kwa hiyo kukwepa Kiingereza si kumsaidia. Mpangilio wa kushika wazo ndio wa kubadilisha. Wazo jipya lijenge kwa mdomo kwa Kiswahili, dakika tatu hivi. Kisha toa maneno ya Kiingereza yasiyozidi matano kwa kipindi, kila moja na mfano wake ubaoni. Kisha toa sentensi moja kamili ambayo kila mmoja ataisema kwa jirani yake: "The LCM of 4 and 6 is 12." Jirani naye ajibu kwa namba nyingine. Mwisho, maandishi yote ya daftarini yawe kwa Kiingereza. Usiishie kwenye majina ya vitu. Kinachowaangusha zaidi kwenye mtihani ni maneno ya kuamrisha, "simplify", "evaluate", "express", "solve", "hence". Mtoto anajua hesabu lakini hajui ameambiwa afanye nini. Tenga ukurasa wa mwisho wa daftari la kila mwanafunzi kwa maneno hayo, kila neno likiwa na swali moja dogo lililofanywa.

Na mtoto akikuuliza swali kwa Kiswahili, mjibu. Shule nyingi zina utaratibu wa kuvalisha kibao anayeongea Kiswahili. Kwenye somo lako hilo litakuulia maswali yote, na ni machache tayari.

Tuingie kwenye kipindi chenyewe, dakika 40.

Kabla hawajatulia, maswali matatu yawe tayari ubaoni: moja la kipindi kilichopita, moja la wiki iliyopita, moja la mwezi uliopita. Wanayafanya kimya, daftari za zamani zimefungwa. Dakika tano, pamoja na kusahihisha. Sababu ya kufunga daftari ni kwamba kumbukumbu huimarika mtu anapolitafuta jambo kichwani, kulisoma tena hakufanyi kazi hiyo. Na sababu ya kurudi nyuma mpaka mwezi ni kwamba jambo linalorudiwa kwa kupishana siku hukaa kuliko lililorudiwa mara nyingi siku moja. Maswali haya pia yanakumalizia kelele za kuingia, kwa sababu kila anayepita mlangoni ana kazi inayomsubiri.

Kisha mfano. Gawa ubao mara mbili. Kushoto fanya swali lote hatua kwa hatua, ukisema kwa nini kila hatua, bila kuwauliza kitu, maana anayeona jambo kwa mara ya kwanza hana cha kukujibu. Kulia andika swali linalofanana na hilo, ukiwa umeacha hatua mbili wazi wazijaze wao kwa jozi. Swali la tatu wafanye peke yao. Kosa la kawaida ni kutoa mfano mmoja mwepesi na kuruka moja kwa moja kwenye zoezi lenye maswali kumi magumu. Mtoto aliyeona 1/2 + 1/4 hajaona bado 2/3 + 3/5.

Katikati ya kipindi, karibu dakika ya 18, simama uangalie kama mmefika pamoja. Hapa ndipo "mmeelewa?" inapoondolewa. Andika ubaoni:

2/3 + 1/4 = ?
A. 3/7   B. 11/12   C. 3/12   D. 2/12

Wape dakika nzima ya kukokotoa kimya. Halafu kila mmoja aweke vidole kifuani, kimoja ni A, viwili ni B, vitatu ni C, vinne ni D, wote kwa pamoja ukihesabu tatu. Kifuani, wala si juu hewani, ili jirani asitazamie na asiyejua asionekane na darasa zima. Wewe uliye mbele unaona vifua vyote 74 kwa kupitisha macho mara moja. Kila jibu la uongo linakuambia jambo tofauti: A amejumlisha juu na chini, C amepata KDS lakini hakubadilisha vya juu, D amezidisha. Ndiyo maana majibu hayo hayatungwi ovyo. Swali la namna hii litunge nyumbani, moja kwa kipindi, ukichukua makosa kutoka kwenye lile jedwali lako.

Ukiona takriban robo tatu wamepata, endelea, na waliokosa uwafuate wakati wa zoezi. Ukiona wamegawanyika nusu kwa nusu, usieleze chochote kwanza. Waambie kila mmoja amshawishi jirani yake kwa dakika mbili, halafu wapige vidole upya. Mara nyingi jibu sahihi linapanda, kwa sababu aliyeelewa dakika kumi zilizopita bado anakumbuka kilichomkwamisha, na anakieleza kwa maneno ya rika lake. Ukiona waliopata ni robo au chini, acha zoezi. Maelezo yako hayakufika, na kuyarudia vilevile kwa sauti kubwa hakutayafikisha. Badilisha: chora mstatili, ugawe, tia kivuli.

Zoezi lifuate, maswali sita, mawili ya mwanzo yakifanana na mfano. Wewe usikae mezani. Pita kwa njia moja kila siku, ukianza na safu ya nyuma, ukiwa na kidaftari kidogo. Usisahihishe kila kitu. Tafuta kosa moja linalojirudia, na dakika tano kabla ya mwisho lipeleke ubaoni bila jina la mtu.

Dakika tatu za mwisho, swali moja kwenye robo ya karatasi, jina nyuma. Rimu haihitajiki, migongo ya mitihani ya zamani ikikatwa vipande vinne inatosha muhula. Ukifika ofisini zigawe katika mafungu matatu: amepata, amepotea mwishoni, hajui pa kuanzia. Usiandike alama. Vipande 74 vinagawika kwa dakika kumi, na fungu la tatu ndilo linalokuambia kesho unaanzia wapi. Kama siku ina vipindi vingi, fanya hivyo kwa mkondo mmoja leo na mwingine kesho.

Kifaa kimoja nakusihi ukitengeneze: vibao vya mkononi. Hadibodi moja nzima, ya futi 4 kwa 8, yaani sentimita 122 kwa 244, ukiikata vipande vya sentimita 30 kwa 20 inatoa vipande 48. Kwa wanafunzi 74 wakikaa wawili wawili unahitaji 37, vinavyobaki ni akiba. Piga msasa kingo, paka rangi nyeusi ya ubao mikono miwili, na uache mkono wa kwanza ukauke kabisa kabla ya wa pili, la sivyo rangi itabanduka na chaki haitashika. Dasta ni kipande cha sponji ya godoro. Chaki ni vile vipande vifupi vinavyotupwa. Kila jozi inaandika hatua moja, inainua, unaona, inafuta. Uzuri wa kibao ni kwamba kosa linafutika. Watoto wanaoogopa kuandika daftarini kwa peni watathubutu kwenye kibao, na hapo ndipo utaona mambo ambayo daftari safi lililonakiliwa lilikuwa linakuficha.

Kuhusu wale sita wa mbele: hawajibu kwa sababu ni werevu tu, bali kwa sababu unakubali mkono wa kwanza kunyooka. Utafiti wa Mary Budd Rowe huko Marekani, miaka ya 1970, ulionyesha kuwa walimu kwa kawaida husubiri sekunde moja hivi baada ya kuuliza swali, na kwamba wakisubiri sekunde tatu au zaidi, majibu yanarefuka na wasiozoea kujibu wanaanza kujibu. Kwa hiyo uliza, hesabu moja, mbili, tatu moyoni, ndipo utaje jina. Ukitaja jina kabla ya swali, wengine 73 wanapumzika. Andika majina kwenye vijiti, uvitie kwenye kopo, uchomoe. Anayesema "sijui" usimkemee na usimwache. Mwambie utarudi kwake, sikiliza wawili wengine, kisha rudi akueleze kwa maneno yake. Akishajua kwamba utarudi kila mara, na kwamba hakuna adhabu, atasikiliza. Na cheko la kumcheka aliyekosa lipigwe marufuku tangu siku ya kwanza kwa uzito uleule unaompa anayeiba. Hapo usilegeze hata kidogo.

Kelele za watu 74 haziondoki kwa kuwazidi sauti. Chagua ishara moja: mkono juu, hesabu kutoka tano kurudi moja, na usiseme neno mpaka kimya kikamilike. Wiki mbili za mwanzo wafanyishe mazoezi ya mambo madogo kama unavyofundisha mada: kuingia, kugawa daftari kupitia viongozi wa safu, kukusanya daftari zikiwa zimefunguliwa kwenye ukurasa wa kusahihishwa. Hilo la mwisho linaonekana dogo, lakini kufungua daftari 74 mojamoja kutafuta ukurasa kunakula robo saa yako. Na kwa kuwa mvua za Kigoma zinapiga bati kuanzia Novemba mpaka Aprili kiasi cha mtu kutosikika, uwe na somo moja la akiba lisilohitaji sauti: mifano kwenye manila, vibao, vidole. Mvua ikianza, unalitoa.

Fimbo. Kanuni za Elimu kuhusu adhabu ya viboko za mwaka 2002 zinasema viboko visizidi vinne, vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyeteuliwa naye kwa maandishi, kwa kosa kubwa la nidhamu, na viandikwe kwenye kitabu. Kukosa hesabu hakumo humo. Lakini hata sheria tukiiweka kando, tazama kinachotokea darasani: mtoto anayechapwa kwa jibu la uongo ataanza kunakili kwa jirani, na ukishamsahihisha jirani mara mbili wewe hujui tena nani anajua nini. Fimbo inakunyang'anya habari pekee unazozihitaji. Wenzako wataona kuwa unaukataa wimbo wao. Usibishane nao ofisini, fundisha.

Kwa mkorofi wa kweli, ongea naye peke yake baada ya kipindi, kwa sauti ya chini, na umpe jambo moja la kurekebisha wiki hiyo. Ukimgombeza mbele ya wenzake, umempa hadhira.

Sasa madawati matupu, na hapa mazingira yako yana siri yake. Kaunta buku la mahudhurio liweke kando ya kalenda inayoonyesha mwezi. Dagaa wa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa, na siku za mbalamwezi wavuvi wengi hupumzika kwa sababu taa hazivuti samaki vizuri. Ukiona wavulana wanapungua siku za giza na kurudi mwezi ukiwa mpevu, hiyo si hulka ya utoro, ni ratiba ya boti, na wasichana wanaoanika dagaa asubuhi wanaifuata ratiba hiyohiyo. (Walimu wa Urambo na Kaliua watauona mchoro wa namna hiyo kwenye msimu wa tumbaku.) Mambo matatu yanafuata. Mada mpya nzito zipange ziangukie juma la mbalamwezi, marudio na mazoezi yaangukie giza. Mkutano wa wazazi uitishwe mbalamwezi, maana baba atakuwepo, na omba jambo moja linalowezekana: usiku wa kuamkia siku ya jaribio mtoto asiende ziwani. Ukimwambia mzazi aache kabisa kumtuma mtoto, atakuitikia "ndiyo mwalimu" na yeye.

La tatu, pawe na daftari la darasa. Kila kipindi mwanafunzi mmoja kwa zamu anaandika mfano wa siku hiyo kwa hati safi, tarehe juu, na daftari linabaki kwa kiranja. Aliyekosa anaanzia hapo, na jirani yake aliyepangiwa anamweleza kwa dakika kumi wakati wa mapumziko. Bila hilo, anayerudi anakuta mada imesonga, anakata tamaa, na utoro wa rejareja unageuka kuwa utoro sugu.

Kwa wasichana, angalia kama kuna wanaokosa siku tatu au nne kila mwezi kwa mpangilio. Hilo lizungumzwe na mwalimu wa kike au matroni, shule iwe na pedi za dharura na mahali pa kubadilishia penye maji. Kwako darasani ni hivi: msichana akikataa kusimama kwenda ubaoni, usimlazimishe wala usimwulize sababu. Mpe kibao ajibu akiwa amekaa.

Wanaolala asubuhi waulize kwa upole wametembea kiasi gani na wamekula nini. Mwombe mwalimu wa taaluma akuwekee Hisabati kabla ya mapumziko ya asubuhi kila inapowezekana. Kipindi cha saa saba mchana kwa mtoto asiyekula tangu jana kibaki cha mazoezi ya jozi na vibao, si cha kusikiliza.

Daftari 148 huwezi kuzisahihisha zote kila siku, na usijaribu, utaishia kupiga tiki bila kusoma. Sahihisha safu mbili kwa siku, swali moja tu kwa undani, na badala ya alama andika mahali pa kurudi: "hatua ya 2". Ijumaa jaribio la maswali matano, wabadilishane karatasi wasahihishane ukiwa ubaoni, kisha wewe pitia karatasi 15 za kubahatisha kuona kama walikuwa wakweli. Matokeo mpe kila mtu lake. Orodha ya wa kwanza hadi wa 74 inayosomwa paredi haimfundishi wa 70 chochote asichokijua.

Wachache wasioweza kusoma vizuri Kiswahili watafute mapema: mwite mmoja mmoja asome aya fupi ya kitabu cha Darasa la Tatu. Anayekwama kila neno hatatatua fumbo la hesabu kwa Kiingereza, hata umfundishe vipi. Mpeleke kwa mwalimu wa Kiswahili na mkuu wa shule apangiwe dakika 20 za kusoma kila siku, na wewe kwa muda huo mpe maswali ya namba tupu.

Usianzishe haya yote kwa pamoja. Wiki ya kwanza: jaribio la kupima, ishara ya kimya na marufuku ya kucheka. Ya tatu: maswali matatu ya kufungulia na vidole. Ya tano: vibao na robo ya karatasi. Darasa likishazoea moja bila kukumbushwa, ongeza jingine. Kidato cha Pili ni tofauti kidogo, kwa sababu mwisho wa mwaka wana upimaji wa kitaifa na muda ni mfupi. Wao wape lile jaribio la maswali 12 pia, lakini mapengo yazibwe kwenye maswali ya kufungulia kipindi tu, na kipindi kimoja kwa wiki kiwe cha maswali ya mitihani iliyopita, yakichanganywa mada, kwa sababu waliozoea kufanya zoezi la mada moja hushindwa kutambua swali linataka njia gani likija peke yake.